Leya za mkia mmoja: kisa cha mama wa bibi harusi

Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, mwezi wa pili, kilemba kichwani, akauliza mara mbili kama mlango unafungika kwa ndani. Saluni yangu ni fremu moja tu hapa Dar es Salaam: viti viwili, sinki moja, mlango wa kioo unaotazama barabara. Nikashusha pazia. Akasema, "Mwanangu, usinicheke," kisha akakifungua kilemba.

Sikucheka. Binti ninayemfundisha kazi aligeukia sinki akaanza kuosha taulo ambazo alishaziosha.

Zilikuwa nywele za dawa, nyeusi, za wastani kwa wingi. Kushoto zilimfika begani. Kulia, kuanzia panjani kupita juu ya sikio hadi karibu na utosi, zilikuwa zimepanda ghafla, kama mtu aliyekunja suruali mguu mmoja avuke tope. Kati ya zile fupi za juu na zile ndefu za chini hapakuwa na njia. Palikuwa na ukingo, kama rafu ya kabati. Na kwenye ncha za chini nywele zilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliyaona maua ya blauzi yake kupitia humo.

"Niliomba leya," akasema, yaani nywele zikatwe ngazi kwa ngazi, akanipa simu.

Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye nywele za singa, nene, zimepulizwa na draya zikaanguka ngazi kwa ngazi mpaka kifuani. Picha za namna hii ninaletewa kila wiki, na sizilaumu. Leya zilizoenea dunia nzima miaka ya 1990, zile za mwigizaji Jennifer Aniston alizokatwa na msusi Chris McMillan, zilikatwa kwenye nywele za singa, na hata Aniston mwenyewe amesema hadharani kwamba akiwa peke yake alishindwa kuzitengeneza. Basi mtu akitaka zilezile kwenye nywele za dawa zilizokwisha kuchoka, kazi inabidi ianze kwa maneno kabla ya mkasi.

Mama huyu alikuwa na siku tisa. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa sendofu ya binti yake.

Nilimwomba anisimulie alivyokatwa. Ilikuwa wiki mbili kabla, mahali pengine ambapo sina sababu ya kupataja. "Alizikusanya zote juu, akafunga raba moja, akazichana, akakata mara moja. Nikasikia tu krrch. Alipofungua raba akasema tayari, ni leya hizo." Kisha, kuficha aibu, akaenda kusuka rasta. Zikasukwa za kubana sana. Akazivumilia mpaka Jumanne, akazifumua mwenyewe kwa kitana chenye mkia.

Maelezo hayo yalinitosha kuelewa karibu kila kitu, na nataka niyaeleze taratibu maana kosa hili nimeliona mara nyingi na wengi hudhani tatizo ni mkono kutetemeka.

Ukikusanya nywele zote mahali pamoja na kukata mara moja, kila unywele unabaki na urefu kulingana na safari yake. Unaoota pale pale penye raba hauna safari yoyote, kwa hiyo unabaki mfupi kuliko yote. Unaoota ukosini umepanda kisogo chote kabla haujafika kwenye raba, kwa hiyo ule urefu wa safari unaubakiza. Ukiachia, nywele zinashuka ngazi kwa ngazi. Kwa hesabu hiyo mkia mmoja unatoa leya kweli, na kwenye nywele nyingi za singa, raba ikiwa katikati barabara, mtu anaweza kutoka salama. Mimi siupendi kwa sababu hauulizi kichwa kikoje. Hauulizi kisogo kimechomoza au kimelala, wala nywele ni nyingi wapi na chache wapi.

Raba ya mama huyu haikukaa katikati. Ilikaa kama vidole viwili upande wa kulia. Kuijua nilipima. Nilichagua nukta moja kila upande, vidole viwili juu ya sikio, nikanyoosha kishungi kidogo bila kukivuta, nikaweka rula. Kulia sm 15. Kushoto sm 21. Tofauti sm 6, sawa na vidole vinne vyangu. Na ndivyo inavyotakiwa iwe: raba ikihama vidole viwili kwenda kulia, nywele za kulia zinapunguziwa safari ya vidole viwili na za kushoto zinaongezewa viwili. Utosini, upande wa kulia, pale raba ilipokalia, nilikuta sm 12. Jirani yake upande wa kushoto, sm 17.

Aliyekata hakutetemeka. Alikata mstari ulionyooka kabisa. Mkono wa kushoto ndio uliomponza, ule ulioshika nywele. Binti ninayemfundisha nimemwambia hivyo mpaka amechoka: leya inakatwa na mkono unaoshika, mkasi unakuja kutia saini tu.

Lakini si kila ufupi pale ulikuwa wa mkasi. Panjani kulikuwa na nywele za sm 4, sm 7, sm 5, zimechanganyika. Nilizitandaza juu ya karatasi nyeupe. Unywele uliokatwa na mkasi una ncha butu na umelingana na majirani zake. Uliokatika wenyewe una ncha iliyochakaa, nyembamba au iliyopasuka, na kila mmoja una urefu wake. Za panjani zilikuwa zimekatika: rasta za kubana, juu ya nywele zilizoiva kwa dawa. Nikachukua unywele mmoja wa utosini, nikaulowesha, nikauvuta polepole kati ya vidole. Unywele mzima huvutika ukarudi. Huu ulivutika, ukabaki vilevile kama lastiki ya soksi kuukuu, kisha ukakatika. Nikavuta wa ukosini, ukarudi vizuri. Kwa hiyo utosi ndio ulioumia, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: kila akiweka dawa, wasusi walikuwa wanaanzia utosini na kuipaka mpaka kwenye nywele zilizokwisha nyooshwa zamani, badala ya kupaka maotea peke yake, yaani zile mpya za mzizini ambazo hazijapata dawa.

Yeye alikuja na orodha: dawa, rangi ya kahawia, na leya zirekebishwe, yote siku hiyo.

Dawa nilikataa. Maotea yalikuwa ya wiki kumi, karibu sm 2.5, na nilielewa kwa nini yanamkera. Lakini kitana cha kufumulia kilikuwa kimemchora ngozi mistari mitatu myekundu nyuma ya sikio, na dawa nyingi za kunyoosha zina pH ya 12 na kuendelea, yaani ni alkali kali. Ukiiweka juu ya mchubuko inaunguza.

"Sasa nitakwendaje mbele ya wakwe na maotea?"

"Mama, maotea nitayapiga pasi. Kidonda sitaweza kukipiga pasi."

Akanyamaza, kisha akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Rangi tuliiahirisha bila ugomvi. Hapo nikamweleza na jambo ambalo wateja wengi hawalipendi: upande mfupi haumfikii mrefu. Watu husema "zitakua tu zilingane." Hazilingani. Nywele zinakua kama sm 1.2 kwa mwezi pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ya sm 6 leo ni tofauti ya sm 6 mwakani. Njia ni moja, upande mrefu upunguzwe. Swali ni upunguzwe wote leo au kidogo kidogo.

Kupunguza wote leo kungemwacha na nywele za kidevuni, nyepesi, siku tisa kabla ya kusimama mbele ya koo mbili. Wapo wasusi ambao wangefanya hivyo na kusema ndiyo usafi. Mimi niliona mtu aliyenyang'anywa sm 6 upande mmoja bila kuulizwa hastahili kunyang'anywa upande wa pili kwa jina la ulinganifu. Tukakubaliana hivi: pindo la chini lipunguzwe kiasi cha kurudisha uzito, kushoto kupunguzwe nusu, mgawanyo wa nywele uhamishwe, na kilichobaki tukimalize kwa ziara mbili tatu.

Mgawanyo ulikuwa nusu ya ushindi. Miaka yote aligawa kulia, kwa hiyo nywele nyingi zilikuwa zinalalia kushoto na kuliacha shimo la kulia wazi kama dirisha. Nikahamishia kushoto. Sasa nywele ndefu za utosi wa kushoto zilivuka kichwa na kulala juu ya zile fupi. Kabla sijakata hata unywele mmoja alijitazama kwenye kioo akasema, "Kumbe!"

Nilimwosha, nikamweka kondishena, nikamkausha kwa draya ya mkono huku nikivuta mizizi kuelekea upande mpya, kisha pasi, joto lisizidi nyuzi 180 na kila kishungi kipite mara moja, mbili kwa maotea magumu. Nilikata zikiwa kavu na zimenyooka. Najua shule nyingi zinafundisha kukata zikiwa mbichi, na kwenye singa mimi pia hukata mbichi. Lakini kichwa hiki kilikuwa na nywele za namna mbili kwenye unywele mmoja: sm 2.5 za kipilipili kwenye mzizi, zilizobaki za dawa. Zikilowa, mzizi unajikunja na kupandisha unywele wote, huku sehemu ya dawa iliyoumia inavutika kupita kipimo. Utakata urefu wa uongo. Zikiwa kavu, kinachoonekana ndicho kilichopo.

Kugawa kichwa ndiko kulikochukua muda. Mstari wa kwanza ni ule ambao ukimtazama mtu kutoka juu unafanana na herufi U: unaanzia pembe ya paji la uso, unapita ubavuni, unazunguka chini kidogo ya utosi, unarudi pembe ya pili. Kuupata hakuhitaji kubahatisha. Laza chanuo ubavuni mwa kichwa. Pale fuvu linapoanza kujikunja na kuliacha, ndipo mstari unapopita. Nywele zilizo juu ya U ndizo zinazoonekana, ndizo zinazofanya umbo. Zilizo chini ya U ni msingi wa nyumba.

Na uamuzi mkubwa wa siku hiyo ulikuwa huu: chini ya U sikukata leya hata moja.

Ningefuata picha ya kwenye simu, ningenyanyua nywele za ukosini mpaka juu kabisa, digrii 180, nizikate pamoja na za utosi kwa kipimo kimoja kilichosimama. Hapo unapata ngazi ndefu zenye kupepea, juu fupi chini ndefu. Gharama yake ni uzito wa chini, unaondoka wote. Mwenye singa nene anao wa kupoteza. Mama huyu maua ya blauzi yalishaonekana tayari.

Kwa hiyo msingi ulikatwa digrii sifuri: nywele zimeachwa zianguke zinavyoanguka, zimechanwa bila kukazwa, kishungi baada ya kishungi kutoka ukosini kwenda juu. Niliondoa sm 2.5. Kwenye masikio nililegeza zaidi, maana sikio husukuma nywele nje, na ukikaza pale ukiachia zinaruka juu na kuacha pengo. Zilipoanguka sakafuni zile ncha nyepesi, pindo likawa na unene wa kushikika. Binti yangu aliliona kabla yangu. "Zimekuwa nyingi," akasema. Hazikuwa nyingi, ziliondolewa zile zilizokuwa zinasema uongo.

Hapo katikati nilifanya kosa dogo. Simu ya mama ilikuwa haipumziki: kamati, mpambaji, mtu wa vyakula. Nikamwacha aishike. Akainamisha kichwa upande wa kulia, kidogo tu, kama mtu anayesoma. Kichwa kikiinama kulia, sikio la kulia linashuka. Nywele za upande huo zinaanza safari yao kutoka chini zaidi, nawe unakata mstari sambamba na sakafu. Akinyanyuka, kulia kumekuwa kufupi. Nilikuta tofauti ya nusu sm, upande uleule ambao tayari ulikuwa umeonewa. Niliirekebisha kwa kupunguza kushoto, nikamwomba simu nikaiweka kwenye droo yangu, akaitazama droo kama mtoto aliyenyang'anywa embe.

Juu ya U niligawa vipande kutoka utosini kama chungwa lililomenywa, kila kipande upana wa kidole. Kushoto nilianza nyuma. Nilinyanyua kipande digrii 90, yaani kimesimama wima kutoka kwenye ngozi mahali kilipoota, nikakata vidole vikiwa vimeelekea nje kidogo ili chini kubaki kurefu. Kipande kilichofuata nikakivuta nyuma mpaka kikutane na cha kwanza, nikakata kwa kipimo hicho. Kinachofuata vivyo hivyo. Kuvuta nyuma hivi kunaziongezea nywele za mbele safari, kwa hiyo kadiri ninavyokaribia uso zinabaki ndefu zaidi. Ni hesabu ileile ya mkia mmoja, ila safari hii imeamuliwa kipande kwa kipande na mtu anayeangalia. Kushoto kukatoka sm 21 kukaja 18.5.

Kulia zile fupi sikuzikata kabisa. Vipande vya kulia nilivivuta vikavuka kichwa mpaka upande wa kushoto, penye kipimo. Zile fupi hazikufika kwenye vidole vyangu, zikachomoka njiani na kurudi zilikotoka, na hilo ndilo nililolitaka. Ndefu zilizofika zilikatwa. Ndugu msusi anayesoma hapa, ukikutana na shimo la namna hii, kishawishi ni kulikata shimo "ulisafishe." Kila ukilisafisha linapanuka.

Ilibaki rafu. Hii ni kazi ya kuketi. Nilivuta stuli, macho yakawa usawa wa sikio lake. Nilichukua kishungi chembamba chini ya ukingo, kile kirefu kinachobeba rafu, nikakishika kati ya vidole viwili, nikasimamisha mkasi wima ukielekea kwenye vidole, nikadonoa. Kudonoa ni hivyo tu, ncha ya mkasi inaingia kwenye ncha za nywele kama kuku kwenye mtama, sm 1 au 1.5, inatoka, inahama, inaingia tena, kina tofauti na kilichotangulia. Kinachoanguka ni vumbi la nywele, halina hata uzito wa kusikika kwenye shuka la kukatia. Kila baada ya madono matano niliachia, nikachana, nikaangalia dhidi ya mwanga wa mlangoni. Mara ya tano au ya sita ule mstari ulikuwa umevunjika. Jicho lilikuwa linateleza kutoka fupi kwenda ndefu bila kugota. Nikaacha, ingawa mkono ulitaka kuendelea.

Mkasi wa meno niliuacha kwenye mfuko wake. Wengi wangeukimbilia hapo. Unatoa nywele katikati ya urefu bila kuchagua, unaacha vijiti vifupi ndani vinavyosukuma zilizo juu yao, na ncha zinabaki nyepesi zaidi. Wembe, kwa nywele za dawa, ndiyo kabisa: unamenya gamba la unywele na ncha zinapasuka ndani ya majuma machache. Hata kuteleza na mkasi uliofunguka nusu, mtindo ambao unapendeza sana kwenye video, ninauacha kwa wenye singa yenye afya.

Nikakagua kwa msalaba: palipokatwa vipande vya wima nikagawa vya mlalo, nione kama mstari unakaa. Ulikaa. Saa moja na dakika arobaini tangu draya ilipozimwa. Mama akasimama, akatikisa kichwa kulia na kushoto, nywele zikarudi mahali pake. Akafungua pochi kabla sijamtajia bei.

Sasa nifike kwenye kosa langu la kweli, ambalo siku hiyo sikuliona.

Utosini kushoto nilikuta sm 17, kulia sm 12. Nilizileta zile 17 zikawa 14 ili zisipishane mno. Zikiwa zimepigwa pasi zililala vizuri, hata nikajisifu. Jumamosi ya sendofu nikampiga pasi upya saa nane mchana. Jumapili akanitumia picha.

Za mwanzo, anashuka kwenye gari, ni nzuri, nimezihifadhi. Kisha zikafuata za ukumbini. Mama wa bibi harusi haketi. Aliingia kwa kucheza na kundi lake la sare, akacheza wakati wa keki, akacheza wakati wa zawadi. Februari ya Dar unaijua. Dawa huvunja viungo vya salfa ndani ya unywele moja kwa moja, lakini pasi inalegeza viungo vya hidrojeni tu, na hivyo vinarudi vikiguswa na maji au jasho. Maotea yake, sm 2.5 za kipilipili, yakajikunja yote. Nywele za pindo zikapanda kidogo, hakuna aliyejua, kwa sababu zina urefu na uzito wa kuzirudisha chini. Za utosi, sm 14, zikapoteza sehemu kubwa ya mlalo wake na mzizi ukazisimamisha. Kwenye picha ya zawadi utosi umeinuka kama mwavuli unaotaka kufunguka, na pande zimelala. Ule mgawanyo wa kushoto umepotea, na kwa mbali, ukijua pa kutazama, shimo la kulia linachungulia.

Ningeziacha 16. Zingepishana na za kulia kwa sm 4 badala ya 2, ndiyo, lakini zingekuwa na uzito wa kupambana na mzizi, na upishanaji ule ungefunikwa na mgawanyo. Nilikata kwa ajili ya kiti changu, pasi ikiwa bado ina moto, badala ya kukata kwa ajili ya ukumbi saa tatu usiku. Mteja akija na maotea na ana shughuli ya jasho, sasa ninamlowesha utosi kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kabla sijakata pale, niuone mzizi unataka kwenda wapi, kisha naongeza sm 2 juu ya kile ninachodhani kinatosha.

Nilimpigia kumwomba radhi. Akasema, "Radhi ya nini? Wifi yangu ameniuliza saluni." Sikumbishia, ila kosa nimeliandika kwenye kadi yake.

Alirudi wiki ya sita. Michubuko ilishapona, ngozi safi. Nikamwekea dawa kwenye maotea peke yake, sehemu za zamani nimezipaka mafuta mazito zisiguswe, nikaanzia kisogoni badala ya utosini. Zilipokauka nilicheka: utosi ulikuwa umelala wenyewe, bila pasi, na leya zilikaa nilivyozikusudia tangu mwanzo. Kulia sasa sm 16.5. Kushoto zilikuwa zimefika kama 20, nikazirudisha 19. Utosi sikuugusa. Panjani nywele zilizokatika zilikuwa zimeanza kujaa. Nikamkataza rasta za kubana mpaka mwisho wa mwaka, akaniambia atajitahidi, kwa sauti ya mtu ambaye hatajitahidi.

Wiki ya kumi na nne, mvua za masika zikiwa zimechoka, alikuja bila kilemba. Mlango aliuacha wazi. Binti yangu ndiye aliyepima safari hii, nikasimama pembeni mikono nyuma. Aliomba mama aweke simu chini kabla hajashika rula. Kulia sm 18.8, kushoto 21.3. Akanyanyua kipande cha kwanza upande wa kushoto, akakivuta nyuma, akasita, akanitazama kwenye kioo. Nikainua bega. Akashusha mkono kama nusu kidole, akakata.

Kwenye kadi ameandika: kulia 18.8, kushoto 20, mgawanyo kushoto, utosi uachwe.